Uzito wa Mzee Ladislasi

Ukifika kwenye nyumba yenye mzee asiyetembea, usianze kumsalimu mwenye nyumba. Najua mmefundishwa adabu, na adabu inasema aliyekufungulia mlango ndiye wa kwanza. Mimi nawaambia mpite. Semeni, "Nimemfuata mzee, nikishamsalimu nitarudi kwenu tukae." Mkianza na mwenye nyumba mtapewa kiti, kisha chai, kisha mtaambiwa mzee amelala. Nimeambiwa mara nyingi sana kwamba mzee amelala. Wazee wa Gisenyi walikuwa na usingizi wa ajabu miaka ile.

Nilifanya kazi ya kutembelea wazee na walemavu kwa niaba ya komuni, serikali yetu ya mtaa, kutoka Nyamyumba kwenye ziwa Kivu mpaka Cyanzarwe mpakani na Kongo. Nilikuwa nimerudi Rwanda kutoka ukimbizini Ngara, nina shule ya msingi na mafunzo mafupi ya masista. Nilipewa kazi kwa sababu nilikuwa na miguu mizuri na Kiswahili cha Tanzania ambacho watu walikicheka. Nikisema "tafadhali", wauza samaki waliitikia wote pamoja, "Tafazali, mama mwalimu!" Basi nikaacha kusema tafadhali, nikaanza kuelewana nao.

Ninyi leo mnaanza kazi mkiwa na maneno. Karatasi zenu zinasema kuna ukatili wa mwili, wa akili, wa mali, kuna kutelekeza, na kila neno lina maelezo yake. Msiyadharau maneno hayo. Sisi hatukuwa nayo, nami nitawasimulia kilichotokea tulipokuwa hatuna. Bado nina hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo.

Nianze na jambo dogo. Mwaka wa kwanza nilimpelekea bibi kizee mmoja wa Cyanzarwe blanketi jipya. Niliporudi, bibi alikuwa anatetemeka chini ya gunia, na blanketi limefunika viazi vya mwanawe visipate baridi. Nilipouliza, mwana yule akanijibu kwa upole kabisa kwamba viazi vikioza mama naye atalala njaa, kwa hiyo blanketi linamsaidia mama. Nilirudi ofisini nimefura. Mama Berenadeta, aliyenifundisha kazi, alicheka mpaka kikohozi chake kikamshika.

"Ulipeleka kitu kizuri," akasema. "Kitu kizuri hakikai kwa mzee."

Akachukua blanketi lingine na mkasi, akakata pembe moja, kisha akalimwagia wino katikati. Blanketi likawa baya, hakuna wa kulitaka, hata sokoni Goma lisingenunuliwa. Bibi yule alililalia mpaka mwisho wake. Tangu siku hiyo hatukutoa kitu kabla ya kukiharibu kidogo. Mgeni mmoja aliyetuletea misaada alituona na mikasi, akadhani tumerukwa na akili.

Mama Berenadeta alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa amekwisha kuona mengi kabla sijarudi. Alinifundisha kuomba maji ya kunawa miguu ili nipitishwe nyuma ya nyumba, maana mambo yote yako nyuma ya nyumba. Alinifundisha kutazama kucha, kukaa chini kwenye mkeka na kutobaki nimesimama, na kumtoa mtu juani kabla ya kuzungumza naye. Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: usimuulize mzee kama amekula.

Ninyi mliozaliwa hapa mnaelewa kwa nini. Sisi hatuli mbele za watu ovyo, wala hatutazami mdomo wa anayekula, wala mtoto mwenye malezi hasemi ana njaa kwenye nyumba ya mwingine. Mtu mzima ukimuuliza kama amekula, atasema amekula. Mzee atasema ameshiba, hata tumbo lake likiwa limeshikana na mgongo. Kwake kusema njaa ni kama kuvua nguo barabarani.

"Muulize viazi vilikuwa vya moto au vimepoa," alisema Mama Berenadeta. "Muulize chumvi ilitosha? Mtu anayedanganya kwa heshima hawezi kwenda mbali na uongo wake."

Sasa niwaambie juu ya Mzee Ladislasi.

Alikuwa mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kule Nyamyumba. Mnajua jinsi sambaza wanavyovuliwa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, na watu wanaimba ili makasia yaende sawa. Ladislasi ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo. Wengi wa wavuvi wa ufukwe ule aliwafundisha yeye kushika kasia, na mmoja wao, Bonifasi, alirithi kundi lake miguu ya mzee ilipokufa. Ilianza ganzi, ikaja kuwa kupooza kabisa kuanzia kiunoni. Hakuwa na mke tena wala watoto. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya mauaji, na hakuna aliyemuuliza mwenzake watoto wako wapi. Alichukuliwa na Fideli, mtoto wa ndugu yake, mwenye nyumba ya mabati juu kidogo ya barabara.

Wavuvi wale walikuwa na desturi nzuri. Kila wanaporudi asubuhi, kabla wauzaji hawajagusa kitu, bakuli moja la sambaza linatengwa kwa mzee aliyewafundisha kazi. Hata siku ambazo ziwa lilifungwa kwa ajili ya usalama na wakavua kidogo sana kando kando, bakuli la Ladislasi lilijazwa kwanza. Lakini desturi ilisema pia kwamba bakuli hukabidhiwa mtu wa nyumbani kwake. Humfuatilii mzee mpaka ndani kumtazama akila. Hiyo ingekuwa aibu kwake na tusi kwa jamaa zake. Basi Fideli alikuja kila asubuhi, akapokea bakuli kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda nalo. Wavuvi wakaenda kulala mioyo yao ikiwa myeupe.

Aliyenifungua macho ni muuza samaki mmoja, Mama Shantali, ambaye hakuwa anaogopa mtu.

"We mama Tafazali," akaniambia, "ule muzee anakula sambaza kila siku ya Mungu. Sasa juu ya nini ni paka ya Fideli tu ndiyo inanenepa?"

Nikapanda. Fideli alinipokea vizuri. Alikuwa mtu nadhifu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti laini ya kutuliza watoto. Akaniambia mzee amelala. Nikaomba maji ya kunawa miguu. Mkewe akasema ataniletea hapo hapo. Nikamwambia, hapana dada yangu, nitachafua sakafu yako, nikawa tayari nimezunguka nyumba.

Mzee alikuwa kwenye jiko la zamani ambalo halikutumika tena, juu ya majani makavu ya migomba, amegeuzwa uso ukutani. Sitaeleza zaidi hali ya majani yale. Niliketi karibu naye, nikamsalimu, na kabla sijasema neno la pili akaniambia, "Karibu mama. Mimi nimeshakula."

Sikuwa nimeuliza.

Nikamuuliza kama chakula kilikuwa cha moto. Yeye akaniuliza Bonifasi ameshika nini wiki hiyo. Nikamjibu kwamba mitumbwi inarudi imejaa. Akatabasamu kwa midomo iliyopasuka.

"Ndiyo," akasema. "Sambaza za mwaka huu ni nzuri. Nasikia harufu yake zikikaangwa."

Wanangu, nimekaa na watu wengi wakifa, na mama yangu mwenyewe sikumzika wala sijui alipolala. Sentensi ile ya mzee inaniamsha mpaka leo kuliko vilio vyote nilivyosikia.

Tulikwenda kwa kiongozi wa seli, yaani mkuu wa mtaa. Akauliza, amempiga? Tukasema hapana. Akauliza, amemtukana mbele ya watu? Hapana. Akauliza basi kesi ni nini. Mama Berenadeta akamwambia kesi ni njaa. Kiongozi akatutazama kwa huruma, akasema nchi nzima ina njaa. Wakati huo watu walikuwa wamerudi kutoka kambi za Kongo na magodoro kichwani, kila nyumba imejaa, na yeye mwenyewe alikuwa amelaza jamaa sebuleni. Sikumlaumu kwa uchovu. Nilimlaumu kwa sababu alimjua Fideli, alijua nyumba ile haikosi chakula, na bado akaiita njaa ya nchi.

Hapo niseme neno juu ya kuchanganya mambo, maana nanyi mtachanganya. Mpakani palikuwa na mlemavu mmoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, anavusha mizigo kwenda Goma na kurudi, imerundikwa mpaka huoni kichwa chake. Nilidhani anatumikishwa. Nikamsimamisha, nikaanza kumpa pole. Akaniambia, "Mama, mi siko mugonjwa. Sukuma, ama toka mu njia." Nikasukuma. Alikuwa bwana wa biashara yake na watu wenye miguu walimfanyia kazi. Lakini siku nyingine, mahali pale pale, nilimkuta binti kipofu wa Rubavu akitangulizwa na shangazi zake na furushi mgongoni, kwa kuwa walinzi walimhurumia kipofu na hawakumpekua. Wote wawili walibeba mizigo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Nilijifunza kuuliza jambo moja: nani anaamua saa ya kurudi nyumbani? Yule bwana alirudi alipotaka. Yule binti hakuwahi kuulizwa, na alipochoka alivutwa mkono. Hakuna kitabu kilichonipa kipimo hicho. Kama chenu kinacho, mshukuruni aliyekiandika.

Tulimpeleka Fideli mahakamani. Mama Berenadeta ndiye aliyesisitiza, mimi niliogopa. Ilibidi mzee aletwe mwenyewe, na barabara ya kwenda mjini ilikuwa mbovu, hivyo tukawaomba wavuvi. Tuliwaambia tu kwamba mzee ana shauri mjini. Hatukusema zaidi, kwa sababu Mama Berenadeta hakutaka ugomvi ufukweni kabla ya jaji kusikia.

Walikuja wanne na ingobyi, kile kitanda cha kusukwa chenye miti miwili ambacho majirani hubebea wagonjwa mabegani. Wote walikuwa wamewahi kumbeba Ladislasi. Zamani, mti wa mtumbwi ulipomvunja mguu, ndio hao waliompeleka kwa daktari, na bado walikuwa wanataniana kuhusu siku ile, jinsi mzee alivyokuwa mnene wa kifua na mabega, na jinsi alivyowaimbisha huku yeye amelala. Tulimfunika vizuri, tukamlaza. Bonifasi akachuchumaa mbele, akatema mate mikononi, akahesabu kama mtu anayeinua gogo. Wakainua kwa nguvu zote.

Ingobyi iliruka. Iliruka juu mpaka mmoja wa nyuma akajikwaa na mzee akakaribia kuanguka. Walisimama na miti mabegani, wakatazamana. Waliteremka mpaka ufukweni polepole, wakamvusha kwa mtumbwi kwenda mjini, na sikuwahi kuona wavuvi wa ziwa lile wakipiga kasia bila wimbo isipokuwa siku ile.

Jaji alikuwa kijana, mtu mwenye heshima. Sitaki mmfikirie vibaya. Alisikiliza kila mtu. Fideli akasema kwa ile sauti yake laini kwamba amemchukua mzee asiye na mtu, akampa paa, na kama kuna alama hata moja ya kipigo mwilini itafutwe. Ilitafutwa. Vidonda vilikuwepo, vya kulala upande mmoja, lakini hakuna kilichotokana na mkono wa mtu. Jaji akaeleza sheria aliyokuwa nayo, nami nakumbuka kwa maneno yangu. Kuumiza kulihitaji pigo na jeraha. Kutelekeza mtu asiyejiweza kulihitaji kumwacha mahali, kumtupa na kwenda zako. Mzee huyu hakuwa ametupwa popote. Alikuwa nyumbani kwa damu yake.

"Muulizeni mwenyewe kama hali chakula," akasema mke wa Fideli.

Mama Berenadeta alinishika mkono mpaka ukauma. Katika baraza si sisi tuliopaswa kuuliza. Jaji akageuka, akamuuliza mzee kwa upole, mbele ya watu wote waliojaa kwenye mabenchi, kama anapewa chakula.

Mzee Ladislasi akainua kichwa. Akakusanya sauti yake.

"Nimeshiba," akasema. "Mungu awabariki wenye nyumba."

Fideli akainamisha uso kama mtu anayesali. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, na ningeweza kumtafuna.

Ndipo Bonifasi aliposimama nyuma bila kuitwa. Kule ndani tulikuwa tunaongea Kinyarwanda, lakini mama yake Bonifasi alikuwa mtu wa Idjwi, kisiwa cha upande wa Kongo, na akikasirika alirudi kwenye Kiswahili cha ziwani kilichochanganyika na Kifaransa.

"Bwana jaji, mi sijui sheria. Mi najua ku beba. Huyu muzee nilimubeba zamani, tulikuwa hawa hawa wane, tulifika na mabega inavimba. Leo asubuhi tulisimama na nguvu ile ile, ingobyi ikaruka, tulibakia kidogo tumuangushe. Bon. Sambaza tulitoa kila siku. Mikono ya Fideli ilipokea kila siku. Donc unieleze: ule uzito umeenda wapi?"

Jaji hakumkaripia kwa kusema bila ruhusa. Akasema kwamba sheria haina mizani ya jambo hilo, na kwamba yeye hawezi kumhukumu mtu kwa uzito wa mwingine. Akamwachia Fideli aende. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimelisimulia kama lilivyokuwa. Mtu alikuwa anakufa kwa njaa karibu na sufuria linalotoa harufu, na kwa sababu hakuna fimbo iliyoinuliwa, kosa halikuwa na jina.

Lakini kabla ya kuinuka, jaji alisema jambo lingine. Alisema hakuna sheria inayomzuia mtu mzima kulala anapotaka. Akamuuliza mzee angependa kulala wapi. Swali hilo, tazameni, halikuwa na aibu ndani yake. Mzee alifikiri.

"Mahali ninaposikia makasia," akasema.

Fideli akasimama kuchukua ingobyi. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuiinua, safari hii taratibu, na wakapita karibu naye kama mtu anavyopita karibu na nguzo.

Nyumba ya Bonifasi ilikuwa chini kabisa, hatua chache kutoka majini. Walitaka kumshindilia chakula siku hiyo hiyo, na Mama Berenadeta aliwapigia kelele kama watoto. Mkumbuke hili: tumbo lililokauka halipokei sherehe. Uji mwepesi kidogo kidogo, siku nyingi, kisha supu, na samaki mwisho kabisa. Wavuvi wakubwa wale walikuwa wanajipanga kumnywesha uji kwa kijiko, wakigombana nani anamwaga. Walimpeleka kwenye chemchemi za maji moto kuosha vidonda. Walimgeuza ubavu kwa zamu, kama nilivyowaonyesha.

Na hakuna aliyemuuliza kama amekula. Asubuhi walimweka nje, ameegemea rundo la nyavu, katikati ya kundi, sufuria moja chini. Wavuvi hawakaribishani. Mkono unaingia, unatoka, maneno yanaendelea. Nilimwona siku alipoingiza mkono wake mwenyewe akiwa anambishia Bonifasi kuhusu upepo. Hakujua kama namtazama. Niligeuza uso, maana hata mimi nimelelewa.

Aliishi mpaka mvua kubwa za mwaka uliofuata. Alikufa asubuhi, mitumbwi ikiwa inarudi.

Makaburi ya upande ule yako juu kilimani, njia ni ya utelezi mvua ikinyesha. Walimbeba wale wale wanne. Walipoinua, waliguna wote kwa pamoja, na nusu ya njia wakaanza kulalamika. Walisema mzee amekula sana, amewaua mabega, alale palepale apumzishe watu. Walikuwa wanacheka na kulia kwa wakati mmoja, na Mama Shantali nyuma anawaambia wanaume wa siku hizi ni walegevu.

Fideli alikuja. Alivaa shati jeupe, na nyumbani kwa Bonifasi, kabla ya kuondoka, alikuwa amesimama kama jamaa na kushukuru wote waliomsaidia kumtunza mzee. Watu walimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu ni mazishi. Hakuwahi kuitwa tena na mtu yeyote wa sheria, mpaka leo.

Kwenye mwinuko mkali kabisa Bonifasi akasimama. Akageuka, akamtafuta Fideli kwa macho katikati ya watu.

"Kuja," akamwambia. "Ubebe kidogo."

Fideli hakuweza kukataa mbele ya watu. Akaja, Bonifasi akamwekea mti begani, akasogea pembeni. Miguu ya Fideli ikazama kwenye matope.

"Ni muzito," akasema.

Tukaendelea kupanda.